Nahodha Mpya na Deni la Msimu

Kilima cha Mbuya, mashariki ya jiji la Kampala, kinafahamika zaidi kwa kambi yake ya jeshi na kanisa lake la Kikatoliki kuliko kwa kandanda. Lakini mtu akiteremka kutoka huko kuelekea Nakawa hatakwenda mwendo mrefu kabla ya kufika Chuo cha Biashara cha Makerere, ambacho vijana wake hushiriki katika kandanda ya vyuo vikuu. Na akisonga mbele kidogo kuelekea mjini ataukuta uwanja wa Lugogo, uliopewa jina la marehemu Phillip Omondi. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika nyumba za askari na za raia kilimani hapo, msimu mpya unapokaribia, mazungumzo ya chakula cha jioni huwa ni yale yale: nahodha mpya ni nani, na mwaka huu atatuletea nini?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo haina matata. Sehemu ya pili ndiyo inayoweza kumdhuru kijana. Mtu wa miaka 20 au 21, ambaye jana alikuwa akikimbia pembeni mwa uwanja kama wenzake, leo amefungwa kitambaa mkononi, na kabla mpira haujaguswa tayari ana deni. Wanafunzi wenzake wanamdai kombe. Mwalimu wa timu anamdai nidhamu. Baba anamdai jina la ukoo litajwe redioni. Hata jirani ambaye hajapata kulipa kiingilio maishani mwake naye anamdai, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kabla ya kumdai, yafaa iulizwe kazi aliyopewa ni ipi hasa.

KITAMBAA SI CHEO

Kanuni za kandanda zina jambo ambalo huwashangaza watu wengi. Zinasema kwamba nahodha hana hadhi wala upendeleo wowote wa pekee, isipokuwa ana kiasi fulani cha wajibu juu ya mwenendo wa timu yake. Akicheza rafu huonyeshwa kadi sawa na mwenzake. Akimtukana mwamuzi hutolewa nje sawa na mwenzake. Kazi yake iliyo wazi machoni pa watu ni kusimama katikati ya uwanja sarafu inaporushwa. Katika miaka ya karibuni ameongezewa nyingine: tangu mashindano ya mataifa ya Ulaya ya mwaka 2024, umeanza kuenea utaratibu kwamba nahodha peke yake ndiye anayeweza kumsogelea mwamuzi na kuomba maelezo, huku wenzake wakikaa mbali.

Utaratibu huo unaonekana mdogo, lakini ndio unaompima kijana. Mwamuzi amepuliza penalti isiyo ya haki, au inayodhaniwa kuwa si ya haki. Wachezaji kumi damu imewapanda. Na mmoja peke yake, ambaye damu yake imepanda vile vile, anapaswa kuwarudisha nyuma kisha aende kuzungumza kwa adabu. Hana filimbi, hana kadi, wala hana mamlaka ya kumkata mtu mshahara. Kama hawakuwa wakimsikiliza mazoezini, hawatamsikiliza dakika hiyo.

Neno lenyewe ni la pwani. Nahodha ni mkuu wa chombo cha baharini, na watu wa Lamu au Unguja wanajua kwamba nahodha hashiki kasia wala hapandi mlingotini. Kazi yake ni kuutazama upepo na kuwatazama watu wake, na chombo kikipanda mwamba hakuna anayeuliza jina la baharia. Mbuya iko mbali sana na bahari ya chumvi, ila neno limefika na maana yake yote.

Askari wana ugumu wao zaidi ya wanafunzi. Katika timu ya kambi hutokea kwamba mchezaji anayefaa kuwa nahodha ni mwenye cheo cha chini, na nyuma yake anacheza sajini, pengine hata ofisa. Saa kumi jioni kijana huyo anapaza sauti, “Afande, rudi nyuma, umemwacha mtu wako!” na afande anarudi mbio. Saa moja usiku kijana huyo huyo anasimama wima mbele ya afande yule yule. Mahali ambapo wakubwa wanaelewa tofauti ya saa hizo mbili, timu hucheza vizuri. Mahali ambapo mkubwa anaingia uwanjani na tepe zake, timu huwa na manahodha wawili, na wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Jeshi la Uganda lina kumbukumbu yake kubwa katika mchezo huu. Timu yake, Simba, ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika dhidi ya Hafia ya Conakry, Guinea. Ilifungwa mabao 4 kwa 2 huko Conakry, na iliporudi Kampala ikafungwa tena 3 kwa 2. Atakayesoma hesabu hiyo haraka ataona vichapo viwili tu. Lakini Hafia ilikuja kulitwaa kombe hilo tena mwaka 1975 na mwaka 1977. Na kuifunga timu ya namna hiyo mabao manne katika mechi mbili haikuwa kazi ya watu waliokata tamaa baada ya safari ya kwanza.

MWAKA 1978

Waganda wanapotaja uongozi uwanjani, jina linalotangulia ni la Jimmy Kirunda, aliyeaga dunia mwezi Mei 2020. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa, Cranes, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilizochezwa Ghana mwezi Machi 1978, kocha akiwa Peter Okee. Mwaka huo huo Kirunda aliifungia klabu yake ya KCC mabao 32 katika ligi, ingawa katika timu ya taifa alikuwa mtu wa kutegemewa katika ulinzi. Mtu anayeweza kuwekwa mbele akafunga na kuwekwa nyuma akazuia, bila kununa, tayari ana nusu ya sifa za unahodha.

Hata hivyo, mabao yake 32 hayaelezi habari za Ghana. Kinachozieleza ni siku chache za Kumasi. Uganda ilianza kwa kuifunga Kongo 3 kwa 1, na nyumbani watu wakaanza kuota. Katika mechi ya pili Tunisia ikaifunga Uganda kwa hesabu ile ile, 3 kwa 1. Mechi ya tatu ilikuwa dhidi ya Morocco, na Morocco hawakuwa timu ya kubahatisha: ndio waliokuwa mabingwa wa Afrika, kwa kombe walilolitwaa mwaka 1976. Timu iliyotoka kuchapwa ilipaswa kuwakabili mabingwa, ugenini, bila mashabiki wake, na ikawafunga mabao 3 kwa 0.

Siku zile kati ya Tunisia na Morocco zinastahili kukumbukwa kuliko fainali yenyewe. Timu iliyofungwa mabao matatu ina njia mbili. Inaweza kuanza kutafuta mchawi: golikipa amtazame beki kwa jicho baya, beki amlaumu kiungo, na mshambuliaji aseme kwamba yeye hakuletewa mpira. Au inaweza kula chakula chake pamoja, kulala, na kuamka na kazi moja. Timu ya Kirunda ilichukua njia ya pili, na matokeo ni ushahidi wake.

Katika nusu fainali Uganda iliitoa Nigeria kwa mabao 2 kwa 1, yaliyofungwa na Abbey Nasur na Phillip Omondi. Kisha mjini Accra, wenyeji Ghana wakashinda fainali 2 kwa 0, mabao yote yakitoka kwa Opoku Afriyie. Omondi alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu, sawa na Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria, na hakuna aliyewazidi.

KIJANA WA TEXAS NA MJUKUU WA KIWANUKA

Mfano mwingine wa kijana aliyetwishwa matumaini ya watu unatoka mbali, katika mchezo usiofanana na kandanda yetu. Lakini ndani yake mna damu ya Uganda.

Wamarekani wana mchezo wao wanaouita futboli, unaochezwa zaidi kwa mikono, na mpira wake una umbo la yai. Kila upande una watu 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, kwa kawaida mpira unakwenda kwa wapinzani. Karibu kila jaribio huanzia mikononi mwa mchezaji mmoja aitwaye kwotabeki. Yeye hutangaza mpango, hupokea mpira, na ana sekunde chache tu za kuamua kama ataurusha mbali, atampa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe, huku majitu ya upande wa pili yakimjia kwa lengo moja la kumwangusha. Ni nahodha ambaye hawezi kujificha hata kwa dakika moja. Katika vyuo vikuu vya huko, viwanja vya wanafunzi vinaweza kuingiza watu zaidi ya 100,000, na kwotabeki mpya wa chuo huzungumzwa jimbo zima kabla hajarusha mpira wa kwanza.

Mwezi Januari 2006 kijana mmoja, Vince Young, alikiongoza Chuo Kikuu cha Texas kutwaa ubingwa wa nchi kwa kukifunga Chuo Kikuu cha Southern California pointi 41 kwa 38, na alama ya ushindi aliipata mwenyewe kwa kukimbia na mpira zikiwa zimebaki sekunde 19. Mwaka huo huo akaajiriwa na timu ya kulipwa ya Tennessee. Sifa alizomwagiwa zilikuwa nyingi kuliko kijana anavyoweza kuzibeba.

Mwaka huo pia timu ya New York Giants ilimwajiri Mathias Kiwanuka kutoka Chuo cha Boston. Huyu alizaliwa Marekani mwaka 1983, lakini ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin akiwa Jaji Mkuu. Kazi ya Mathias ilikuwa kuwawinda makwotabeki.

Vijana hao wawili walikutana tarehe 26 Novemba 2006. Giants waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21 kwa 0. Tennessee wakaanza kurudi. Dakika za mwisho walibakiwa na jaribio la nne, yadi 10 zikihitajika. Wangeshindwa hapo, mchezo ungekuwa umekwisha. Kiwanuka alipenya, akamkamata Young kiunoni, akamshika barabara. Kisha akamwachia. Alidhani mpira umekwisha kurushwa, na kumwangusha kwotabeki aliyekwisha kurusha ni kosa lenye adhabu. Mpira ulikuwa bado mkononi. Young akakimbia, akapata yadi zilizotakiwa, timu yake ikasawazisha, na sekunde chache kabla ya kipenga ikashinda 24 kwa 21.

Hapo ndipo hadithi ingeweza kwisha: Young shujaa, Kiwanuka mjinga. Tena Eli Manning, kwotabeki wa Giants, alirusha mpira ukadakwa na wapinzani katika sekunde za mwisho, na ndipo likapatikana pigo la ushindi. Magazeti ya New York hayana huruma kwa mtu wa namna hiyo. Lakini Giants hawakumtupa Kiwanuka, aliyeendelea kuichezea timu hiyo hadi mwaka 2014, wala hawakumvua Manning uongozi. Mwezi Februari 2008 Manning aliiongoza timu hiyo kuwashinda New England 17 kwa 14 katika fainali kuu ya nchi, na New England walikuwa hawajafungwa na mtu msimu mzima. Kiwanuka siku hiyo alikuwa nje kwa kuvunjika mguu, lakini Februari 2012 Giants walipolitwaa taji tena, alikuwemo uwanjani. Young alitunukiwa heshima ya mchezaji chipukizi bora wa ushambuliaji kwa mwaka 2006, na mwaka 2011 ukawa wa mwisho kwake katika ligi hiyo kuu. Si vema kumcheka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na kijana wa miaka 23 husifiwa na watu ambao hawatakuwapo tembo litakapochujuka.

DENI LA MIAKA 39

Uganda nayo iliwatwisha manahodha wake mzigo wa namna hiyo. Baada ya Accra mwaka 1978, kila aliyevaa kitambaa cha Cranes alikikuta kimeshonewa deni la Kirunda. Mwaka 2011, katika uwanja wa Namboole, sare ya bila kwa bila na Kenya ikaifungia Uganda mlango wa fainali za Afrika. Mwezi Oktoba 2012, hapo hapo Namboole, Uganda iliifunga Zambia, mabingwa wa Afrika wa mwaka huo, bao 1 kwa 0 na kulipa bao la ugenini. Mikwaju ya penalti ikaamua, na Zambia wakapita kwa 9 kwa 8. Mkwaju mmoja! Kuna watoto waliozaliwa baada ya 1978 ambao walikwisha kuwa wazazi bila kuiona nchi yao katika fainali hizo.

Mlango ulifunguka Septemba 2016, Farouk Miya alipofunga bao pekee dhidi ya Komoro. Geoffrey Massa ndiye aliyekuwa nahodha fainali hizo zilipochezwa Gabon mwaka 2017. Uganda ilifungwa 1 kwa 0 na Ghana, 1 kwa 0 na Misri, ikatoka sare ya 1 kwa 1 na Mali, ikarudi nyumbani. Massa akastaafu kuichezea timu ya taifa, na kitambaa kikapewa mlinda lango, Denis Onyango, aliyekuwa ametajwa mchezaji bora wa mwaka 2016 miongoni mwa wanaocheza ndani ya Afrika. Kuna wanaopinga golikipa kuwa nahodha, kwa sababu yuko mbali na mwamuzi. Hoja yao ina uzito, ila golikipa ndiye pekee anayeuona uwanja mzima bila kugeuka. Tarehe 22 Juni 2019, mjini Cairo, timu ya Onyango iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2 kwa 0. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Uganda katika fainali za Afrika tangu ule wa Nigeria mwaka 1978.

NYUMBANI KWA NAHODHA

Basi mzazi wa Mbuya, mwenye mwana aliyechaguliwa nahodha wa timu ya chuo au ya shule, atarajie nini msimu huu?

Asitarajie kombe mwezi wa kwanza. Atazame mambo ambayo hayaandikwi katika ubao wa mabao: kama wachezaji wanafika mazoezini kwa wakati, kama yule aliyewekwa benchi bado anacheka na wenzake au anakaa peke yake, kama kadi za njano za kubishana zinapungua. Timu ambayo mambo hayo yanakwenda sawa inaweza kupoteza mechi tatu za mwanzo na bado ikawa timu. Ile ambayo hayaendi, hata ikishinda, inaazima.

Kijana huyo pia ni mwanafunzi bado, na mitihani haiahirishwi kwa sababu mtu ni nahodha. Atahitaji chakula cha kutosha, posho na maharagwe kwa wingi na matunda yasiyo ghali, usingizi wa kweli, na nauli ya kwenda na kurudi mazoezini ili asiwe anakopa kwa wachezaji anaowaongoza. Deni la nauli huvunja heshima upesi kuliko bao la kujifunga. Wadogo zake waelezwe kwamba kaka akirudi kimya baada ya kufungwa, si wakati wa kumwigiza mtangazaji. Mama atasikia sokoni mambo yatakayomchoma, maana mwanawe sasa ni mtu wa watu. Ajibu kwa kununua nyanya zake na kwenda zake.

Na baba, hasa baba mwenye nyota begani, asimpigie simu mwalimu wa timu. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote linaloweza kutendwa kutoka nyumbani. Siku wachezaji watakapojua kwamba nahodha wao analindwa na sauti ya kambini, hakuna atakayemkosoa tena mbele yake, na wote watamkosoa nyuma yake. Baba ana nafasi nyingine nzuri zaidi. Amweleze mwanawe namna alivyojifunza kumwamrisha mtu aliyemzidi umri, na namna alivyojisikia siku aliyowapa watu wake amri isiyo sahihi. Askari wengi wana habari kama hizo, na watoto wao hawajapata kuzisikia.

Yatakayobaki ni ya kijana mwenyewe. Timu itafungwa siku moja, pengine kwa mpira uliopita katikati ya mikono ya golikipa, mbele ya chuo kizima. Siku mbili baadaye kutakuwa na mazoezi. Golikipa atakuja akichelewa, kichwa kikiwa chini, na wenzake watajifanya wanafunga kamba za viatu. Nahodha atachukua mipira kumi, ataipanga kwenye mstari wa eneo la hatari, na kuanza kumpigia mmoja mmoja, polepole kwanza, kisha kwa nguvu. Mashabiki hawatakuwapo. Atakuwapo mwalimu na filimbi yake, na jua la saa kumi na moja likiteremka upande wa Lugogo.